Kilio Changu na Muziki Usio na Mwimbaji

Wewe uliyekaa kwenye benchi hili la chumba cha mazoezi hapa hospitali unasubiri kuitwa jina, na wewe uliyemleta, assalaam alaykum. Mimi nilikaa hapo hapo ulipokaa. Mkono wangu wa kulia nilikuwa nimeubeba kwa mkono wa kushoto, kama mtu aliyeachiwa mtoto wa mwenzie. Naitwa Athumani Mbwana, dobi, mwenyeji wa Bagamoyo, shule niliishia darasa la tano. Mama wa mazoezi, Anjela, ndiye aliyeniambia niandike, maana kuandika nako ni zoezi. Mwandiko umepinda, mtanisamehe. Majina nitayataja. Atakayekasirika na akasirike, mimi nilikasirika kabla yake.

Kabla ya maradhi nilikuwa mtu wa nguvu. Nimefua mashuka ya hoteli moja ya ufukweni miaka mingi, na shuka la kitanda kikubwa nilikuwa nalikamua peke yangu mpaka halidondoshi tone. Nyumbani niko na mke wangu Zuhura, mama Rehema. Watu walinijua kwa jicho kavu. Nilimzika baba yangu, nikamzika na mtoto wangu wa kiume, sikulia mbele ya mtu. Tulikuwa tukiona huo ndio uanaume.

Presha niliambiwa ninayo mwaka mmoja kabla. Nikapewa vidonge, nikaambiwa nimeze kila siku nisiache. Nikameza miezi miwili. Halafu Maulidi, yule muuza mizizi karibu na soko la samaki, akaniambia vidonge vile vinammaliza mwanamume. Akanipa chupa yake. Nikaviweka vidonge juu ya kabati, nikanywa chupa. Wa kwanza wa kulaumiwa huyo, Maulidi. Wa pili ni mimi mwenyewe, kwa sababu mkono uliopanda juu ya kabati ulikuwa wangu.

Basi wakaja pale hotelini wageni, Wazungu watu wazima wenye mvi, wakakodi ukumbi wiki mbili wafundishane dansi lao. Dansi lenyewe wanaliita tango, kama tango hili la kachumbari. Siku ya kwanza tulicheka, ya pili tukazoea. Chumba cha kufulia kimepakana na ukumbi, kwa hiyo muziki wao wote tuliusikia.

Vyombo ni vile vile vya taarabu. Fidla, kinanda cha kuvuta na kusukuma, na besi. Ndio maana ulituchanganya. Sikio la mtu wa pwani likisikia fidla na kinanda linakaa kungoja mwimbaji. Linajua sasa hivi atasimama mtu na leso yake atuambie nani kamtenda nani, nasi tujue ni wa kuhurumiwa au wa kuzomewa. Huyu mwimbaji hakuja. Muziki ukapanda, ukasimama ghafla kama mtu aliyekumbuka kitu, ukaendelea, ukaisha. Hakuna aliyesema neno.

Zainabu, mfagiaji, akasema huo ni muziki wa watu waliogombana na kitanda wanacho kimoja. Mlinzi wetu, mzee Chande, akasema unamtia hasira, kama kumtazama mtu anatafuta funguo ambazo wewe unaziona. Mimi ulinikaa kooni kama muhogo bila maji. Sikujua ni furaha au huzuni. Mpaka leo sijui vizuri.

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, napiga pasi. Upande wa pili muziki unapigwa. Nikaona pasi imelala juu ya shuka na moshi unatoka. Nikauamuru mkono uiinue. Mkono ukanitazama. Mdomo ukaenda upande. Halafu machozi yakaanza kunitoka, mengi, na sauti juu, na sina msiba wowote. Nalia na ndani yangu nashangaa, huyu analia nini?

Meneja wetu, Kibwana, akaja na harufu ya kuungua. Akaniuliza, "Athumani, umekunywa?"

Mimi, ambaye pombe sijaionja. Nilitaka kumjibu hivyo, ulimi ukatoa "sa, sa, sa". Akanipakia kwenye bajaji niende nyumbani nikalale, na lile shuka lililoungua akalituma pamoja nami, kama ushahidi. Mtu wa tatu huyo. Kutoka hotelini mpaka hospitali ni karibu kuliko kufika kwangu.

Mke wangu aliponiona alitaka hospitali hapo hapo. Nasema haki yake. Lakini kaka yangu mkubwa, Shaweji, mkulima wa Fukayosi, alikuwa amekuja mjini siku ile, na Zainabu alikwisha kumsimulia kwamba nililia muziki ulipopigwa. Shaweji akasema hii si ya hospitali.

"Shemeji," alimwambia mke wangu, "kule wanapima damu. Pepo hana damu."

Yeye ndiye mkubwa wetu, neno lake likapita. Mkono ukarudi kidogo baada ya siku tatu, ulimi ukabaki mzito. Wakasema mnaona. Ila kulia hakukukoma, na sasa kukaja na kucheka. Mtu akiangusha kikombe, nacheka. Nikiona kuku anakunywa maji, nalia.

Siku ya tisa akafariki mama mkwe wangu, Bi Tatu. Mama huyu alinipenda kuliko nilivyostahili. Nilipomwoa binti yake sina kitu, aliwanyamazisha ndugu zake wote. Nilikwenda msibani Kaole nimeshikwa mkono. Nikakaa mkekani na wanaume, khitma inasomwa, kimya kimetulia. Nikamkumbuka anavyonipakulia wali na kuficha minofu chini ili wengine wasione. Nikataka kulia. Kikatoka kicheko.

Kilinitoka kama kikohozi. Nikaziba mdomo, kikapitia puani. Msomaji akasimama katikati ya aya. Sauti ilipita dirishani mpaka walikokaa wanawake. Zuhura akatoka, kanga kichwani, macho yamevimba, akasimama mbele yangu.

"Umemcheka mama yangu."

Nilitaka kumwambia Wallahi. Nikacheka tena, usoni pake.

Hakurudi nyumbani. Alibaki Kaole kwao, akatuma mtu achukue nguo zake. Miaka ishirini na sita ya ndoa. Ndugu msomaji, kupooza kunauma, lakini nililolilia usiku na mchana ni hili, kwamba mke wangu anaamini nilimcheka mama yake, nami sina ulimi wa kumwambia sivyo. Na kwa kweli mwenyewe sikuwa na hakika. Kicheko kilitoka kinywani mwangu. Kama si changu, cha nani?

Shaweji akanichukua Fukayosi kwa mganga, Bi Mgeni. Wa nne na wa tano hao. Kwake huwa wanapiga ngoma moja moja, kila pepo ana ya kwake, na mgonjwa akitikisika kwa ngoma fulani ndio pepo amejulikana. Wakapiga ya pepo wa bara, ya pepo wa Kiarabu, ya pepo wa baharini. Mimi nimekaa tu, kiu imenishika. Ndipo Shaweji akatoa simu. Zainabu alirekodi ule muziki wa ukumbini, akamrushia. Akauweka, nikaangua kilio mpaka wapiga ngoma wakarudi nyuma.

"Ndiye huyo," akasema Bi Mgeni. "Mzungu. Nyimbo haina maneno kwa sababu maneno amekaa nayo yeye kichwani mwake."

Nikatandikiwa meza, kitambaa cheupe, biskuti, soda, uma na kisu. Nikavishwa kofia. Kila asubuhi naketishwa pale, muziki unawekwa, nalia, Bi Mgeni anamuuliza Mzungu jina lake. Nikajitahidi nikasema, "A-thu-mani." Akasema anadanganya. Na mimi, nikwambie kweli, nilianza kuamini. Nilikuwa najiuliza, pengine kweli yupo, pengine ndiye aliyemcheka Bi Tatu. Nikampenda kidogo huyo Mzungu, kwa kuwa alinibebea lawama.

Wiki mbili hivyo, presha haijapimwa hata siku moja. Asubuhi moja nikiwa na kofia yangu, uma mkononi, nikaanguka juu ya biskuti. Safari hii upande wote wa kulia ukazima. Nikajikojolea mezani pa Mzungu. Shaweji aliogopa. Alikodi gari, akanishika kichwa njia nzima mpaka Bagamoyo, na nilisikia anasoma Yasini huku anakosea.

Daktari alikuwa dada mdogo kwa umri, mpole. Akapima, akaniuliza dawa zangu za presha ziko wapi. Nikanyoosha kidole cha kushoto juu, maana yake juu ya kabati. Akadhani naonyesha mbinguni. Akasema, "Hapana baba, bado hatujafika huko."

Alitueleza polepole. Hiki ni kiharusi, mara mbili. Presha imeumiza ubongo. Shaweji akamuuliza, na muziki je?

"Muziki haukumpooza. Kuna mahali kichwani panaposhika breki ya kulia na kucheka. Pameumia. Anaweza kucheka na ndani ana msiba."

Shaweji akainamisha kichwa. Mimi nikalia. Nacho kilio hicho, sikujua ni cha breki au ni changu.

Nikalazwa wodini, nikawa naletwa hapa kwa Anjela. Alikuwa anatufundisha kutembea kwa muziki, lakini miziki ya vijana inakimbia, mguu wangu ukabaki nyuma. Akaniuliza nataka gani. Shaweji, kwa aibu, akatoa ile simu. Ule muziki unatembea, unasita, unatembea. Ndivyo mguu wangu unavyotembea. Nikapiga hatua nne nimeshika vyuma vya kujishikilia, machozi yananidondoka kidevuni.

"Lia," Anjela akaniambia, "lakini kanyaga."

Ikawa kila tukija ndio unawekwa. Benchi zima likausikia, na kila mtu na lake. Bibi mmoja wa Mapinga alisema unamkumbusha kuvunja ungo, hakueleza. Kijana wa bodaboda aliyevunjika paja alisema ni wa mtu anayefukuzwa na polisi. Mzee mwingine alisinzia. Nikawa nawatazama. Muziki mmoja, masikio kumi, na hakuna aliyekosea. Mbona mimi tu ndiye niliyepewa pepo?

Binti yangu Rehema alimpelekea mama yake maneno ya daktari. Zuhura akajibu, "Daktari hakuwepo matangani. Mimi nilikuwepo." Nikaona basi, mguu utarudi, mke hatarudi.

Kisha asubuhi moja alikuja. Alileta shuka na chupa ya uji, awaachie manesi aondoke. Mimi niko kwenye vyuma, muziki unapigwa, nalia kama kawaida. Nilipomwona mlangoni, furaha ilinipanda, na kilio kikazidi. Nikajikwaa. Hapo hapo kilio kikageuka kicheko, machozi bado yanatiririka. Nikacheka na kulia kwa uso mmoja, mate kidevuni, nimening'inia kwenye chuma.

Zuhura hakuondoka. Alikwisha kuniona nikilia na nikicheka, lakini vyote viwili kwa uso mmoja hakuwahi kuviona. Akaweka chupa chini, akaja karibu.

"Baba Rehema, unalia nini?"

"Sijui."

"Na unacheka nini?"

"Sijui."

"Na kule kwa mama?"

Kicheko kilikuwa bado kinanitoka. Nikasema katikati yake, neno moja moja, "Nilikuwa nalia. Kikatoka hiki."

Akanifuta kidevu kwa pindo la kanga. Hakusema amenisamehe. Alisema uji utapoa.

Daktari akaniongezea vidonge vidogo vya kushika ile breki, na baada ya miezi kadhaa kulia na kucheka kukatulia. Zuhura alirudi nyumbani na sanduku lake. Vidonge vya presha sasa anaviweka yeye, karibu na mswaki wangu. Hotelini sikurudishwa. Kibwana alisema nafasi imejaa. Maulidi bado anauza chupa zake. Shaweji huja kila Ijumaa, hunikanda mkono, hatuzungumzii Fukayosi. Sijamsamehe yote, nimemsamehe nusu.

Jumapili moja baada ya alasiri Zuhura aliniambia niuweke ule muziki wangu, ausikilize vizuri. Tukakaa barazani. Fidla ikaanza, kinanda kikafuata. Nikajisikilizia koo, nikingoja. Jicho langu kavu. Niliogopa kidogo, nikajiuliza kama vidonge vimenichukulia na kitu changu. Muziki ukapanda, ukasimama.

Zuhura akasema, "Hapa ndipo mwimbaji angeingia." Kisha akaanza kulia, pole pole, akimwita mama yake.

Nikauinua mkono wa kulia, nikauweka mgongoni kwake.

"Mkono wako mzito," akasema.

Nikamwambia ndio kwanza unarudi. Hakuniambia niutoe.

Namshukuru Mungu, nawashukuru daktari na Anjela. Nawe uliyepewa vidonge vya presha, meza, hata ukijiona mzima. Mdomo wa mtu ukienda upande, usimpeleke nyumbani wala Fukayosi, mlete hospitali saa hiyo hiyo. Na wewe uliyemleta mgonjwa wako hapa, akikucheka siku ya msiba wako, muulize kwanza. Akikwambia hajui, mwamini.

Sasa utaitwa jina. Ukisikia humu ndani muziki usio na mwimbaji, ndio wangu, niliwaachia. Lia ukitaka. Lakini kanyaga.