Alama za Kuuliza Kumi na Tisa

Kaka yangu tunamwita Haraka, na jina hilo alilipata kihalali. Ni fundi wa programu. Ndiye aliyeitengenezea hospitali mfumo wa ujumbe: mgonjwa anaandika kwenye tableti ya wodi, maneno yanaingia kwenye simu ya ndugu yake.

Kila ujumbe unaoondoka, alinieleza mwenyewe, hutanguliwa na kichwa chenye mstari wa kuiambia kompyuta ya hospitali, inayoupokea na kuupeleka kwenye simu, herufi ni za mfumo gani. Mstari huo aliuacha. "Dada, nani ataandika herufi za ajabu wodini? Nitauweka baadaye." Baadaye yake naijua tangu tukiwa watoto.

Mama aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Nyingine hakuzijua, na sisi alitufundisha hizo hizo, mezani jikoni. Alipolazwa, Alhamisi mchana, simu ya Haraka ikalia. Alama za kuuliza kumi na tisa, basi. Fundi mzima akacheka, akanionyesha: "Bi mkubwa anachezea tableti." Nami nikacheka, Mungu anisamehe. Akajibu: "Pumzika, Mama. Tutakuja Jumamosi."

Ijumaa asubuhi Mama akafariki.

Muuguzi alitusimulia huku anakunja shuka. "Aliandika kwa shida, herufi moja moja. Jibu lako nikamsomea. Akasema, 'Haya.' Kisha akageukia ukutani."

"Aliandika nini?" Haraka akauliza.

Muuguzi herufi zile hazijui. Tableti nayo hufuta ujumbe ukishaondoka. Haraka ndiye aliyeipanga hivyo, kulinda siri za wagonjwa. Alipekua kompyuta ya hospitali siku tatu, akakuta alama zilezile. Mashine ilishindwa kuzitambua herufi za Mama, kila moja ikaiwekea alama ya kuuliza, zenyewe ikazitupa.

Nilimjia juu. Mdomo wangu hauna breki, na siku hiyo sikuutafutia. "Mstari mmoja, Haraka. Mmoja tu."  Yeye alikuwa anabuni sentensi kwenye karatasi na kuhesabu herufi kwa ncha ya kalamu. Sentensi zinazotimia herufi kumi na tisa ni nyingi mno.

Jana aliuweka ule mstari. Haikumchukua hata dakika. Mimi nilikuwa chumbani kwa Mama nakunja nguo zake, na simu ambayo Mama aliiacha nyumbani alipolazwa ikalia kitandani. Ulikuwa ujumbe wa majaribio kutoka kwa Haraka, kwa herufi za Mama, zote zimefika nzima: "Mama, nipo njiani."