Hodi Moja, Wageni Wawili

Shangazi yangu ana chumba cha baridi cha samaki pale Mirongo, na mume wake ana tabia ya kuuacha mlango wa chumba hicho wazi. Ni mtu mwema, ila akianza maongezi na wateja, sato wataoza naye bado anacheka. Ndiyo maana shangazi alikuwa hatoki. Mjukuu wake wa kwanza alizaliwa Ukerewe, hapo ng'ambo ya ziwa tu, akawa anamwona kwenye simu.

Mimi naandika programu, basi nikajitapa. Nikamwambia nitamfungia kidude cha kumlindia samaki: kihisio kimoja mlangoni, kingine cha joto ndani, na kompyuta ndogo ya kututumia ujumbe.

"Kikifanya kazi, baba, kesho yake navuka," alisema.

Kikafanya kazi, kisha kikagoma. Ukifunguka mlango tu, kilisema. Likipanda joto tu, kilisema. Vikija pamoja kilitaja mlango, halafu kimya mpaka nikizime na kukiwasha. Na vikija pamoja ndiyo hatari yenyewe! Shangazi akafungua begi alilokuwa ameshalipanga, akatoa nguo za mtoto, akazirudisha kabatini. Iliniuma kuliko kama angenitukana.

Vihisio vile vilichangia waya mmoja. Kimoja kikiwa na neno hupiga ishara, ambayo mafundi tunaiita intarapti, na draiva, yaani programu inayosikiliza vifaa, huacha mengine yote ikaenda kusikiliza. Niliisoma draiva yangu mpaka nikaichukia. Nikamlaumu aliyetengeneza vihisio, nikalaumu na umeme wa Buhongwa ninakoishi, nilikokileta kidude kukipima.

Jumapili moja baada ya ibada nilikuwa bado naikodolea macho nikasikia hodi. Sauti ya shangazi. Nikafungua, nikatoa shikamoo, nikapokea kapu, nikamwingiza, nikafunga mlango na kurudi mezani kwangu. Akaniangalia.

"Na wifi yangu umemwachia nani?"

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa nje juani, ndizi kichwani, ametulia tu. Kwetu wageni wakija pamoja, mmoja hupiga hodi kwa niaba ya wote, na ni kazi ya mwenye nyumba kuchungulia wako wangapi. Kupiga hodi ya pili kungekuwa kunisuta.

Nilimwomba radhi huku nacheka kama mwehu. Draiva yangu ilikosa adabu vilevile! Ilihudumia mlango ikageuka, joto likabaki limeshikilia waya. Na kompyuta ile hushtuka waya unapoanza kuita tu, ukiendelea kuita haina habari. Nikaandika mistari michache: kabla ya kuondoka, uliza kama kuna mwingine, na uulize tena mpaka asiwepo mtu. Wali niliokuwa nimeubandika ukaungua, tukaula hivyohivyo.

Shangazi akavuka. Hazikupita siku nyingi ujumbe ukaingia: mlango uko wazi, joto linapanda. Vyote viwili. Nikampigia mbio.

"Nimeuona," akasema, mtoto analia karibu kabisa na simu. "Huyo ni mume wangu na maongezi yake. Mpigie wewe afunge, baba. Mimi mikono yangu imejaa."