Kipimo cha Kauri Hakibembelezi Mtu

Ukungu bado umetanda nje kidogo ya Mbalizi, na Lusia Kalinga amechuchumaa kando ya bomba linalounguruma tangu juzi. Macho mekundu, koti limelowa mvuke. Anafungua vali kidogo, anasubiri, anafungua tena kidogo.

Ndani ya bomba kuna kijiti cha kauri, urefu wa kalamu. Kazi yake ni kupima uchachu wa maji yanayopanda kutoka chini ya ardhi, yenye joto kupita maji yanayochemka jikoni na msukumo wa kutisha. Vipimo vya kioo havidumu humo. Cha kauri kinadumu, ila kina maringo yake: kikiwa baridi hakisomi kitu, kikipashwa haraka kinapasuka.

"Ni kama chungu kipya," anasema Lusia, fundi vipimo mwenye miaka thelathini na minane. "Ukikibandika kwenye moto mkali siku ya kwanza, imekula kwako. Cha kwanza nilikipasua mimi. Nilikuwa nimechoka, nikaharakisha."

Uchovu huo haujamtoka. Kisima hiki cha majaribio ya umeme wa jotoardhi ndicho kinachomlipia chumba mtaani Soweto na kumvalisha sare mwanawe Happy, anayesoma kwa bibi yake Igowole. Maji yakiwa machachu mno, kisima kitafungwa na kambi nzima itarudi nyumbani.

Juzi kipimo kilisoma tano. Jana, nne. Leo kinasoma tatu, na kwenye hesabu hizi namba ikishuka ndipo uchachu unapopanda.

Lugano, mwendesha vali, anasogea na kikombe cha uji. "Dada Lusia, sema tu kipimo kimepasuka, kinasoma uongo. Si hata kile cha kwanza kilipasuka? Nani atabisha?"

Lusia anapokea uji, hanywi. Anakiri kwamba wazo hilo lilimpitia hata yeye.

"Maji haya yanakula chuma, mdogo wangu. Bomba likitoboka, anayesimama hapo kwenye vali ni nani? Si wewe?"

Lusia anampigia simu mkuu wa kambi, anamsomea namba kama ilivyo. Jibu ni fupi: fungeni. Inauma, na hakuna anayejifanya haiumi.

Mipango ya Lusia? Anacheka kichovu. Alale kwanza. Kisha Igowole, akapande viazi na mama yake. Wakubwa wanasema huenda mwakani kikachimbwa kisima kingine, lakini hiyo 'huenda' haipikwi ikaliwa.

Wenzake wanaanza kukunja mahema. Yeye anarudi kwenye bomba, anapunguza vali kidogo, anasubiri.

"Hata kikipoa haraka kinapasuka," anasema. "Acha nikipoze taratibu. Wakichimba kisima kingine, wakute kipimo kizima, na mimi waniite."