Jeti Imeziba

Miaka ya tisini Homa Bay ilikuwa na bingwa mmoja tu wa kabureta, naye alikuwa mimi. Ushahidi ni kwamba nilisema mwenyewe.

Siku moja mgeni kutoka Nairobi aliniletea pikipiki ya majini, ile ya kuendeshwa ukiwa umesimama. "Fundi, jeti imeziba," akasema. "Inanguruma tu, haiendi."

Bingwa hahitaji maelezo marefu. Jeti ni kile kitundu cha kupitisha petroli ndani ya kabureta, nani asiyejua? Nikaifungua palepale ufuoni, nikaizibua kwa waya mwembamba na kuipuliza hadi petroli ikanilevya. Nikaisukuma mashine majini, nikawasha. Ikanguruma vizuri ajabu, na haikuenda popote. Nikatia jeti kubwa zaidi. Sasa nadhani hata watu wa Rangwe, mbali na ziwa, waliisikia, lakini haikusogea. Siku ya tatu nikatangaza kwamba petroli yote ya soko la Rodi Kopany, nilikoinunua, ni chafu.

Mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, akapita, akainama kuitazama kwa chini mashine niliyokuwa nimeiegemeza ufuoni.

"Fundi, hii kitu yako imetoa maua."

Nikainama pia. Chini ya tumbo la mashine kuna pampu inayovuta maji na kuyarusha nyuma, na wenye mashine hizo huiita jeti. Mdomo wake ulikuwa umejaa gugu maji, na ua la zambarau likichungulia nje. Nikalivuta gugu lote kwa mkono mmoja.

Mgeni alipofika, mashine ikaruka. Akauliza shida ilikuwa wapi.

"Kabureta," nikamwambia, nikiwa nimelikalia lile ua. "Ilikuwa kaidi, lakini imekubali."