Nyayo za Fundi

Fundi yule hakuamini joto ambalo ngozi yake haikulionja. Mwanamke mwenye gari kuukuu la kupandia milima alikuwa amemweleza kwamba kisukari kimemtia mamaye ganzi ya miguu, na kwamba juzi mama huyo alishuka garini na malengelenge nyayoni, wala hakujua kuwa sakafu imemuunguza. Fundi aliguna tu, kama ilivyo kawaida yake. Alifunga bati jipya la kukinga joto juu ya bomba la moshi, akaziba matundu ya sakafu, akalaza tandiko nene, akilinyoosha kwa kiganja kama atandikaye kitanda cha mgonjwa. Kisha akavua viatu, akaketi mahali pa mama.

“Panda mlima, dada.”

“Fundi, utaungua!”

“Heri niungue mimi. Mimi nitapiga kelele.”

Katikati ya mlima akapiga kweli. “Rudi, rudi! Hapa kwenye kisigino bado panachoma.” Akafumua pembe ile ya tandiko, akaitandika upya, wakapanda tena. Safari hii hakusema neno. Walipofika kileleni, mwenye gari aliuliza kwa hofu, “Vipi, fundi?” Fundi alikuwa amelala fofofo, nyayo zake mbili zimetulia sakafuni.