Posa na Sura ya Kwanza

Ninafanya utafiti katika mantiki ya hisabati. Nikisema hivyo nyumbani Muleba, watu hunipa pole. Kwa kifupi, nachunguza kinachotokea pale kauli mbili zinazopingana zinapokaa ndani ya hoja moja. Wengi wa wenzangu husema hoja ya namna hiyo imekufa, kwa sababu ukishakubali jambo pamoja na kinyume chake, unaweza kuthibitisha chochote unachotaka. Mimi nimemaliza ujana wangu nikionyesha kwamba haifi. Inaweza kuishi na mgongano wake na ikaendelea kufanya kazi, mradi uiendeshe kwa adabu. Baba yangu, mwalimu mkuu mstaafu, aliwahi kuniuliza kama kuna nchi inayoajiri watu kwa jambo hilo. Nikamwambia zipo, ila hazina haraka.

Mwanamume niliyetaka kuolewa naye hakuwa na kazi inayoeleweka zaidi. Anatengeneza modeli za metali kwenye kompyuta. Anaangalia jinsi ufa unavyotembea ndani ya chuma kabla hakijakatika. Nilipomweleza baba kwa simu, aliuliza chuma chenyewe kiko wapi. Nikasema hakipo, kipo kwenye kompyuta tu. Baba akaachana na chuma.

“Kwao wapi?” akauliza.

“Ijuganyondo.”

“Afadhali,” akasema. “Hapo napajua, papo.”

Kwetu posa ina utaratibu wake. Wageni wanaingia, wanasema wamekuja kuomba binti. Mwenye nyumba anasema nyumba hii haina binti. Wageni wanasikitika, wanaomba radhi kwa usumbufu, lakini hawaondoki. Wanasifu migomba, wanauliza kahawa imezaaje mwaka huu, kisha wanaomba upya. Wanakataliwa upya. Wote pale sebuleni wanajua kwamba binti yuko chumba cha pili na kwamba amesukwa nywele tangu jana. Mwishowe mwenye nyumba analegea, anafungua kikapu kidogo cha akamwani, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo mgeni hutafuna, anakipitisha, na binti anaitwa. Maana yake ni kwamba mtoto wa watu si bidhaa iliyopangwa mezani ikisubiri mteja. Mimi huona ni utaratibu wa busara sana.

Lakini si mchezo. Mchumba wa dada yangu mkubwa alikunja nne, mguu juu ya mguu, mbele ya baba. Alisindikizwa hadi barabarani kwa upole mkubwa na hakurudi tena. Dada sasa anafuga kuku wa mayai huko Kashozi, na hilo jambo haulizwi. Mimi nilikuwa nakaribia arobaini.

Msemaji wa upande wa mchumba wangu alikuwa awe baba yake mkubwa, mzee anayejua kuomba. Wiki ile akashikwa na mafua, sauti ikakauka kabisa. Akaja kukaa tu, na nafasi yake ya kusema akapewa rafiki wa mchumba wangu, mchumi. Huyu ni Mhaya aliyezaliwa na kukulia Dar es Salaam, na amekaa miaka mingi Ulaya ya Mashariki akitafiti uchumi wa nchi zilizoachana na ukomunisti. Anaweza kukueleza vizuri jinsi kiwanda cha serikali kinavyolala kikiwa mali ya umma na kuamka kikiwa mali ya shemeji wa waziri. Posa hakuwahi kuhudhuria hata moja. Ila ni mtu wa maandalizi. Kwa kuwa anayeposwa ni mwanamantiki, aliitafuta tasnifu yangu akasoma sura ya kwanza. Sura ya kwanza inaeleza msimamo wa wale ninaowapinga. Kuwapinga kunaanza sura ya pili.

Siku yenyewe nilikuwa chumbani, nyuma ya pazia, pamoja na shangazi, dada yake baba. Salamu zilikwenda vizuri. Migomba ikasifiwa. Mchumi akaeleza kilichowaleta, na baba akajibu inavyopasa.

“Nyumba hii haina binti. Mlielekezwa vibaya.”

“Mzee, kwa heshima zote,” akasema mchumi, “naomba tuangalie ushahidi.”

Nilijua ananyooshea kidole nini. Juu ya kiti cha baba inaning'inia picha yangu ya mahafali, nimevaa joho, kubwa kuliko ya Papa iliyo pembeni yake.

“Mzee anasema hana binti. Ukuta unasema anaye. Kauli hizi mbili zinapingana.”

“Endelea,” akasema baba, kwa sauti aliyozoea kuwatolea wanafunzi waliochelewa.

“Sasa tukizikubali zote mbili, Mzee, kimantiki kila kitu kinakuwa kweli. Kwa mfano, naweza kuthibitisha hapa hapa kwamba Mzee ni mbuzi.”

Nimtendee haki. Kwa mujibu wa sura ya kwanza hoja yake ilikuwa sahihi, na aliitoa kwa mpangilio. Mfano ulio kwenye tasnifu yangu unasema mji wa Bukoba uko chini ya ziwa. Mbuzi alimtafuta mwenyewe, nadhani kwa sababu mmoja alikuwa amefungwa nje ya dirisha na alikuwa anapiga kelele.

Shangazi alinishika mkono. “Amesema nini?”

“Amesema baba ni mbuzi.”

“Hilo nimelisikia. Nauliza amesema nini.”

“Ni sura ya kwanza tu, shangazi.”

“Nyamaza, waitu, mwanangu.”

Sebuleni nikasikia kiti cha baba kikirudi nyuma.

“Nimefundisha miaka mingi,” akasema, “na nimeitwa mengi. Ila wa kunithibitishia alikuwa hajapatikana. Wageni, nyumba hii haina binti. Barabara ya Bukoba mnaijua.”

Niliogopa. Hoja ile naweza kuijibu nikiwa usingizini, na nimewahi kulipwa nauli ya ndege kwenda kuijibu. Lakini binti aliyekanwa akijibu kutoka chumbani amemuumbua baba yake mbele ya wageni, na hapo posa imekwisha kweli. Nilisimama nyuma ya pazia na shahada zangu zote, nikisikia viti vinasogezwa. Nilimtaka mtu yule. Sikuwa na hoja ya kumtaka, nilimtaka tu.

Mchumi alianza kueleza kwamba mbuzi alikuwa mfano. Akakatika katikati ya neno, nadhani yule mzee asiye na sauti alimvuta koti. Ndipo nikasikia sauti ya mchumba wangu, ambaye kwa utaratibu hakutakiwa kufungua kinywa, alitakiwa akae ameinamisha kichwa hadi mwisho.

“Baba, samahani sana. Sisi tumekubali. Binti hayupo.”

Viti vikatulia.

“Mmekubali?” akasema baba.

“Tumekubali. Tunaomba ruhusa tukae tumsubiri.”

“Mtamsubiri mtu asiyekuwepo?”

“Ndiyo, baba.”

“Mpaka lini?”

“Mpaka awepo.”

Mchumba wangu hajasoma tasnifu yangu. Aliwahi kuifungua jioni moja, akalala. Alichokisema pale sijui alikitoa wapi, maana mimi kilinichukua sura tano na wasimamizi wawili, mmoja wao akastaafu katikati.

Shangazi alikuwa ameubana mkono wangu hadi vidole vikafa ganzi, na sikutaka auachie.

“Na huyu wa uthibitisho?” baba akauliza.

“Yeye atasubiri nje, baba.”

Mtu mmoja akacheka, kisha akajikohoza. Nikasikia hatua za mchumi zikitoka, halafu kikapu cha akamwani kikifunguliwa. Kisha baba akasema, wala hakupaza sauti, kwa sababu alijua fika nimesimama wapi:

“Mleteni huyo asiyekuwepo.”

Sauti yake haikuwa ya mwalimu mkuu tena. Shangazi akavuta pazia. Nilitoka nikilia, nikapiga magoti mbele ya baba.