Buibui wa Madimba

Jirani yangu hapa Kapata alipiga madimba, marimba ya vibao vilivyofungiwa vibuyu chini, tangu ujana wake huko Sandoa. Kabla kiharusi hakijamlaza mkono wa kushoto, nilirekodi kila kibao cha madimba yake, nikatengeneza chombo cha kompyuta: ukibonyeza kinanda, ni madimba yake yanayolia. Baadaye moto wa jikoni uliyateketeza yale ya kweli. Kilinusurika kibuyu kimoja tu, ambacho mkewe alikuwa amehifadhia mbegu.

Kwa mkono wa kulia, akitumia chombo changu, mzee alimtungia mkewe wimbo. Kwanza alipiga sauti za juu, kisha akarudia mwanzo na kupiga za chini, nikaziunganisha. Kisha mke akafa. Ombi la mzee kwangu lilikuwa moja: siku ya kumaliza kilio, wimbo ule usikike.

Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukaunguza kompyuta yangu ya zamani. Nakala za faili nilikuwa nazo kwenye diski, nikaziweka katika mashine mpya bila wasiwasi. Programu mpya ya kurekodi ilifungua wimbo. Noti zote zilionekana kwenye kioo, kila moja mahali pake. Hazikutoa sauti.

Chombo nilikitengeneza kwa mfumo wa zamani ambao programu za sasa hazisomi tena, na rekodi za vibao zilikuwa zimefungiwa humo. Nilijaribu programu ya pili. Hata jina la chombo haikulionyesha. Nikaweka ya kuunganisha mifumo ya zamani na mipya. Jina likatokea, nikalibonyeza, kila kitu kikajifunga. Ya tatu ilikifungua chombo, kikiwa tupu. Nilibadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kama nilivyojifundisha, na kila mara nilirudi palepale. Mzee alikuja kila asubuhi, akaketi nyuma yangu.

"Mashini yako iko sawa sentinelle wa ku mine," alisema, akimaanisha mlinzi wa lango la mgodi. "Inaangalia tu carte ya kazi, muntu hapana."

Siku moja kabla ya kumaliza kilio, nilikata tamaa. Nikazipa noti zake madimba yaliyokuja na programu, ya kiwandani. Alisikiliza hadi mwisho, kichwa kimeinama.

"Mutoto, iko wapi buibui?"

Nilijua alichouliza. Kila kibuyu chini ya kibao hutobolewa, na tundu huzibwa kwa utando wa buibui ili sauti ivume. Haya ya kiwandani yalilia safi kama chupa.

"Muke yangu alikuwa anacheza pa ile makelele," akasema. "Hii hataijua."

Alitoka, akarudi na kile kibuyu kimoja, na utando aliouchuna dirishani kwangu. Alinifanya nimshikie kibuyu huku akiubandika kwa mkono mmoja. Nikaweka spika ndogo kwenye mdomo wa kibuyu, kipaza sauti karibu na tundu, nikacheza noti zake.

Kibuyu kikavuma.

Kilivuma kwa sauti za chini tu.

"Tata, za juu hazitetemeshi utando," nikamwambia.

"Acha. Hata mi nilibakia upande moja."

Tukarekodi. Kabla ya ubeti wa mwisho utando ulipasuka. Nilizunguka kwangu nikitafuta utando mwingine, nikaenda kwake, nikapita safu nzima ya nyumba. Kwangu hakukuwa na mwingine. Kwake mabinti walikuwa wamefagia dari na kupaka chokaa kwa ajili ya wageni wa kesho. Majirani nao walikuwa wamefagia, kwa heshima ya marehemu. Nilipapasa kuta safi hadi mikono ikawa myeupe, kisha nikarudi, nikaunganisha ubeti wa mwisho bila mvumo.

Kesho yake wimbo ulipigwa uani. Dada za marehemu walipousikia mvumo walisimama wote na kucheza. Mimi nilikuwa nikiusubiri ubeti wa mwisho kama mtu anayesubiri kupigwa. Ulipoingia, sauti ikawa tupu, na miguu ya wanawake ikasita.

Mzee akainua kibuyu chake kwa mkono wa kulia, akakiweka mdomoni, akavuma ndani yake.

"Shemeji, uko inje ya wimbo!" mmoja akampigia kelele.

Hakukitoa mdomoni. Yule mwanamke akatikisa kichwa, akaanza tena kucheza.